Zamu ya Gunnvor Helmersen Kisiwani Teistholmen (1941–2024)

Marehemu Gunnvor Helmersen aliacha maagizo matatu kuhusu siku ya leo, na yote aliyaandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya duka la ushirika. La kwanza, wasifu wake usiwe mrefu hadi kahawa ya watu ipoe. La pili, asiitwe mpole, kwa sababu hakuwa. La tatu, kengele za kanisa zisipigwe. Hili la tatu lilimsumbua sana Mchungaji Sunniva, na tutalirudia.

Gunnvor alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Februari 1941 hapa Nesvågen, mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Peder na Jorunn Nesvåg. Mwaka ule nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi la kigeni. Askari walipotaka kufanyia mazoezi ya shabaha Teistholmen, bibi yake, Olea, alipiga makasia peke yake hadi kwenye mashua yao akawaambia waondoke, bata wanaatamia. Kama walielewa neno hata moja haijulikani, ila hawakurudi. Gunnvor alikuwa na miezi mitatu wakati huo, na aliisimulia habari hiyo maisha yake yote kana kwamba alikuwa ndani ya mashua.

Alisoma shule ya bweni kuanzia 1948 hadi 1955, wiki mbili shuleni na wiki mbili nyumbani, kama watoto wote wa pwani hii wakati ule. Ripoti yake ya mwisho ipo. Hesabu nzuri sana, uimbaji wa wastani, na chini yake mwalimu ameandika: "Hakubali kukosolewa." Kila Mei alikuwa anatoroka kwenda kisiwani na bibi yake. Mwalimu alipomsimamisha mbele ya darasa aeleze ni jambo gani linalopita masomo, alieleza kwa dakika arobaini, mpaka kengele ya chakula ikalia.

Alichokieleza ndicho alichofundishwa na Bibi Olea. Teistholmen ni mwamba tu, unauzunguka kwa miguu kwa dakika ishirini. Hauna mti wala kisima, na hakuna mtu aliyewahi kuishi pale. Una minandi upande wa magharibi, sili kwenye miamba ya chini, fisi maji mmoja asiyependa wageni, na kila majira ya kuchipua wanakuja bata wa bahari. Watu wa ukoo huu huwajengea vijumba vya mawe na mbao zilizookotwa ufukweni, na ndani huwawekea mwani mkavu. Jike hujinyofoa manyoya laini ya kifuani akayafunikia mayai, na akishaondoka na vifaranga, watu huyachukua manyoya hayo kujazia mito na mafarishi. Lakini kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, anayekanyaga pale anapita njia ileile, anatembea polepole, na anavaa nguo zilezile kila siku. Bibi Olea alikuwa akisema, "Bata hakujui wewe. Anajua koti." Lake lilikuwa la sufu, la kijivu, na Gunnvor alilirithi mwaka 1958.

Gunnvor aliingia kiwanda cha samaki akiwa na miaka kumi na tano, kisha kuanzia 1971 hadi alipostaafu mwaka 2003 alikuwa mpishi wa kivuko. Abiria wengi waliomo humu kanisani wamekula supu yake, na wengine wamekaripiwa naye kwa kuacha viazi. Kila Aprili aliomba likizo isiyo na malipo, na mwaka alionyimwa alikwenda hivyohivyo. Majira ya baridi alikaa na fremu iliyotandwa nyuzi ya kuchambulia manyoya, akiikwangua kwa kijiti saa baada ya saa mpaka manyoya yakawa safi.

Tarehe 27 Juni 1964, bata walipokwisha kuondoka, alifunga ndoa na Arnljot Helmersen, mvuvi wa ng'ambo ya ghuba. Mei iliyofuata Arnljot alitaka kumfurahisha mke wake, akaenda kumsaidia kisiwani amevaa koti jipya la mvua, la manjano, siku yake ya kwanza kulivaa. Bata kumi na mmoja waliruka kwa mpigo mmoja. Kabla hawajatua, shakwe walikuwa wamekwisha kula mayai.

"Nilitaka nionekane nadhifu," Arnljot alisema.

"Na nani?" Gunnvor akamuuliza. "Mimi nilishaolewa nawe."

Alimnunia siku nane. Siku ya tisa alimletea jaketi la baba yake, lililochanika kiwiko, na Arnljot alilivaa kila majira ya kuchipua hadi alipofariki mwaka 2009. Hawakujaliwa watoto. Jambo hilo liliwauma, na Gunnvor hakupenda tulifunike kwa maneno mazuri. Walipendana sana, na waligombana kwa sauti iliyovuka ghuba.

Sasa lazima lisemwe jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Hati ya mwaka 1887 inaupa ukoo wetu Teistholmen kwa sharti moja, kwamba vijumba vya ndege vitunzwe kila majira ya kuchipua. Mwaka mmoja tu ukipita bila kutunzwa, kisiwa kinarudi kwa manispaa. Mwaka 2019 ilikuja kampuni ya kufuga samaki, ikataka kuweka vizimba vyake kando ya mwamba na kujenga gati juu yake. Manispaa ilikuwa tayari kuipangishia, siku ile ambayo hati ingekoma. Kuanzia hapo watu walianza kuuliza afya ya Gunnvor kwa upole usio wa kawaida.

Mei 2021 minki, mnyama mwindaji mdogo anayefanana na nguchiro, aliogelea hadi kisiwani. Kulikuwa na bata mia moja na arobaini. Aliwaua wengi kwenye viota vyao na waliobaki wakakimbia. Gunnvor alimtega, akamuua kwa mkono wake akiwa na miaka themanini, wala hakuliungamia hilo. Majira yaliyofuata hakuja ndege hata mmoja. Alijenga upya vijumba vyote sitini, akabadilisha mwani, akapita njia yake kila siku kwa koti lake la kijivu katikati ya viota vitupu. Tordis, mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alimkuta siku moja ameketi juu ya jiwe analia.

"Unamfanyia nani kazi hii, shangazi?"

"Kaa kimya uniletee mwani," akasema, akaendelea kulia na kufanya kazi.

Wiki ileile alifika mwakilishi wa kampuni, Bwana Kvamme, kwa mashua ya injini.

"Mama Gunnvor, tuambizane ukweli. Hapa hakuna ndege."

"Hati inasema vijumba. Umeviona vijumba?"

"Nimeviona."

"Vina mwani mkavu?"

"Vina, lakini..."

"Basi umeshakagua. Zima injini, upige makasia mpaka uvuke ile miamba. Sili wana watoto."

Na alipiga makasia. Mashahidi tupo.

Mwaka 2023 walirudi bata wanne. Mwaka huu wamerudi kumi na tisa.

Oktoba mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Daktari alimkataza ngazi, chumvi na bahari. Chumvi aliacha. Ngazi hakuwa nazo. Kuhusu bahari alisema kwamba daktari ni mtu wa bara na hana kosa. Tarehe 8 Aprili aliketi juu ya kreti la samaki ndani ya mashua, Tordis akapiga makasia, na kwa siku kumi na mbili akaelekeza kazi kutoka kwenye kreti lile, jiwe kwa jiwe. Siku ya mwisho alivua koti, akampa Tordis. Hata hivyo Tordis alilivaa akiwa na mawazo, kwa sababu ana kazi mjini, na shangazi yake aliyajua hayo.

"Sikulazimishi," alimwambia. "Ila ukilivua katikati ya majira, wataruka. Kwa hiyo amua kabla hawajaanza kutaga."

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Tordis alikuwa ametoka kisiwani.

"Wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Na yule wa chini ya mtumbwi uliopinduliwa?"

"Yupo. Hakuniangalia hata."

"Vizuri," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Siku tatu baadaye, watu wakiwa kwenye maandamano ya sikukuu ya taifa, ilikuja barua kutoka manispaa. Iliuliza, kwa masikitiko makubwa, kama utunzaji wa Teistholmen sasa umekoma, na iliomba jibu kwa maandishi. Programu hii ya mazishi imechapishwa, kwa hiyo ni maandishi. Jibu ni hili: haujakoma.

Kuhusu kengele. Mchungaji Sunniva alimtembelea Gunnvor mwezi Aprili kumsihi. "Kengele hizi zimemlilia kila aliyezikwa hapa kwa miaka mia mbili," alisema. "Wewe tu ndiye zisikulilie?" Gunnvor alimjibu kwamba bata wamezoea kengele za Jumapili, ila watu wengi siku hizi huzikwa Ijumaa, na bata hawana kalenda. Mchungaji alicheka, akakubali. Ndiyo maana leo, Ijumaa tarehe 24 Mei, mmeingia kanisani kimya, na ndiyo maana mtamsindikiza kaburini kimya. Kimya hicho si cha huzuni tu. Kule ng'ambo majike kumi na tisa wamelala juu ya mayai.

Marehemu ameacha dada yake Aslaug, mtoto wa kaka yake Tordis Nesvåg, mashemeji wawili na watoto wao. Ameacha minandi, sili, fisi maji asiyependa wageni, bata kumi na tisa, na vifaranga ambao, Mungu akipenda, wataingia majini wiki ya kwanza ya Juni.

Mwisho, kwa wale walioshangaa tangu asubuhi kumwona msomaji amesimama mbele ya jeneza amevaa koti la kijivu lenye viraka na harufu ya ndege: hakukosa nguo ya msiba. Baada ya kahawa anashuka moja kwa moja hadi kwenye mashua, na hawezi kwenda kwa nguo nyingine. Barua ya kuacha kazi mjini aliituma jana.

Sasa Gunnvor apumzike. Zamu ina mtu.