Alama ya Gradi na Simu ya Mzee Vénant

Mchungaji, wazazi wetu wa Kongo na wa Burundi, na ninyi mliotoka Mbarara alfajiri kuja kusimama nasi, mimi Adolphe, baba yake mdogo, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya Gradi Mushobekwa, nayo familia imeamua yasisomwe yale matamu peke yake, kwa sababu mwenyewe alichukia mno alama ya uongo.

Gradi alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 huko Baraka, Kivu Kusini, mtoto wa tatu wa kaka yangu Modeste na mkewe Mariette, wakulima wa mihogo, akaanza shule hukohuko, lakini mwaka 2008 vita vikatutawanya hadi tukafika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako alirudishwa madarasa mawili nyuma ili ashike Kiingereza, akanung'unika lakini akasoma, akamaliza sekondari Isingiro mwaka 2015, na mwaka 2018 akapata diploma ya kompyuta Mbarara.

Kazi yake wengi wetu hatukuielewa, tukawa tunamtania kwamba anakula kwa kukodolea kioo macho, kumbe yeye na wenzake wa nchi mbalimbali, waliojuana mtandaoni tu, walikuwa wakitunza maktaba ya programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa ambavyo mafundi wengine huvichukua na kujengea programu zao, na juu ya kila kipande Gradi aliweka alama inayosema kinafanya kazi kwenye simu za aina gani na zipi kinazikataa, ili fundi asiye na simu hiyo aiamini alama.

Tarehe 12 Desemba 2020 alifunga ndoa na Pélagie hapa Base Camp, Nakivale, wakapanga chumba Kamukuzi, mjini Mbarara, Mungu akawajalia Bienfait mwaka 2021 na Eliane mwaka 2023.

Katikati ya furaha hiyo ndipo lilipotokea lile ambalo hatutalificha. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Gradi alikijaribu kipande cha kengele ya kukumbusha dawa kwenye simu yake ya zamani, pale Kamukuzi penye umeme, ikalia siku zote, akaweka alama kwamba kinafaa, kisha yeye mwenyewe akaja kumwekea programu yenye kipande hicho jirani yetu Mzee Vénant, aliyekuwa na simu ya aina hiyohiyo na akimeza dawa za presha. Sisi huku simu tunazipeleka dukani kuchajiwa, na mwenye duka huzizima ili zijae haraka, jambo ambalo Gradi alikuwa akiliona kila siku na bado likamtoka akilini, na simu ya aina ile kila ilipozimwa na kuwashwa, kengele ilikuwa imekwisha kufutika. Mzee Vénant hakujua kusoma, aliitegemea kengele, na mwezi Agosti alianguka kando ya zizi la mbuzi wake, hakuamka tena.

Gradi alipogundua sababu, aliibadilisha alama siku hiyohiyo, kisha akaenda kwa mjane, Mama Émérance, akamweleza yote akiwa amepiga magoti, naye mama akamjibu neno moja tu, "Simu ilinyamaza, na weye ulisema italia," akaingia ndani. Mwenzake mmoja wa mtandaoni alipomwandikia kwamba hakuna mtu anayezima simu kila siku, Gradi hakubishana, alihama Kamukuzi na familia yake, akarudi kuishi hapa, na tangu hapo hakuweka alama yoyote kabla simu haijapita kwa Claude, mwenye duka la kuchaji, ikazimwa na kuwashwa, hata Pélagie akalalamika kwamba nyumba imejaa simu za watu.

Mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa Mbarara mara kwa mara, na kitandani humo, mwezi uliopita, alimaliza kukiandika upya kile kipande, lakini simu yake ya zamani ilikwisha kuharibika, na ya aina ile ilikuwa imebaki moja tu, ya marehemu Mzee Vénant, naye aliogopa kuiomba. Mama Émérance alisikia, akaipeleka mwenyewe hospitalini ikawekewa kipande kipya, akairudisha Nakivale, akampa Claude aizime.

Gradi alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa sita mchana, akiwa amemwuliza Pélagie asubuhi kama kuna habari yoyote ya simu, naye hakuwa nayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara, majirani mliopika na kukesha nasi, wenzake walioandika kutoka mbali, na Claude. Wa mwisho tunamshukuru Mama Émérance, aliyekaa pale mbele na simu ya mumewe mapajani, kwa kuwa Alhamisi hiyohiyo aliiwasha alipotoka nayo dukani, na saa kumi na mbili jioni, saa ya dawa ya Mzee Vénant, akaja nayo mbio hadi kwetu akitaka Gradi apigiwe, akatukuta tunalia.

Gradi, mwanangu, imelia. Pumzika kwa amani.