Mwalimu Elirehema Alivyokwenda Ubatizoni

Noah ya abiria ya kwenda mjini ilikuwa haijafika hata Tengeru, na bwana mmoja mwenye koti, aliyekaa kando ya Mwalimu Elirehema, alikuwa ameshacheka mara tatu. Mwalimu, mstaafu wa jiografia, akajuta kumwambia kwamba anarusha ndege kwenye kompyuta. Majuto yenyewe hayakudumu.

“Kwa hiyo mama, unaizunguka dunia umekaa sebuleni?”

“Nchi kumi na tisa mpaka sasa. Jumapili nilikwenda Hamburg, masaa tisa angani, sikupunguza hata dakika. Mjukuu wangu alikuwa anabatizwa kule.”

“Lakini hukufika.”

“Ubalozi walininyima viza, eti nikienda sitarudi. Mimi! Niiache migomba yangu ya Nkoaranga?” Dereva akapunguza redio, haya yalikuwa matamu kuliko taarabu. “Basi nilitua saa ileile ya ibada, nikazima injini, nikasimama pale sebuleni, nikakiri Imani ya Mitume kwa sauti.”

Bwana mwenye koti hakucheka mara ya nne. “Halafu?”

Noah ikasimama karibu na posta. Mwalimu akashuka, akamwonyesha bahasha yenye anwani ya ubalozi.

“Halafu nikageuza ndege. Humu nimewaandikia: nilikwenda, na nimerudi.”