Benedikto Pancras na Mafiga ya Msituni

Marehemu Benedikto Pancras alizaliwa Mnyambe tarehe 12 Machi 1934. Alisoma Chidya hadi darasa la nane, mwaka 1951.

Mwaka 1957 aliajiriwa kulinda msitu wa serikali chini ya mteremko wa Newala, na uhuru ulimkuta huko. Wasafiri wasio na nauli wala pa kulala aliwaonyesha mahali pakavu, karibu na maji, pasipo na matawi ya kuwaangukia. Hakutoza mtu. Anayeondoka aliwaachia wengine kuni, na mafiga hayakuguswa, maana kwetu mafiga yakiondolewa mahali, ni kusema wenyewe wamekufa.

Mwaka 1966 vita vya Msumbiji viliwafikisha hapo Bertila na mama yake, Bi Justa, kutoka Mueda. Mama akauliza malipo.

"Msitu wa serikali huu, mama. Lala tu."

"Bertila, huyu anagawa pori kama shamba la baba yake!"

Wakacheka, mara ya kwanza tangu wavuke Ruvuma. Petro, kaka yake Bertila, alikuwa amebaki nyuma. Walimtumia salamu kwa wapitaji: akivuka, aulizie kambi ya Benedikto.

Benedikto na Bertila walifunga ndoa Newala tarehe 7 Oktoba 1967.

Mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, aliacha kazi ya msitu, wakaenda Chilangala. Kule ni mchanga mtupu, jiwe huokoti. Benedikto akapakia mafiga ya kambi kwenye lori ili mkewe apate pa kupikia.

"Na Petro je, Baba Anastasia?"

"Nitaweka mengine kabla ya mvua."

Kazi za kijiji zikamshika. Mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru, na Petro akaja kambini. Hakukuta mafiga. Aliwalilia mama na dada yake palepale, akarudi. Msafiri aliyelala hapo kambini usiku huo alipotuletea habari, Petro alikuwa ameshavuka mto. Benedikto alimfuata hadi Mueda, hakumpata. Tangu hapo hakuingia jikoni ila ameinamisha macho.

Aliugua kifua tangu mwaka jana, akafariki nyumbani tarehe 9 Agosti 1986. Alimwambia mwanawe, "Gabriel, yarudisheni. Huenda akapita tena."

Ameacha mke, watoto wawili, Anastasia na Gabriel, mama mkwe Bi Justa, na shemeji yake Petro, popote alipo. Mwenye habari zake asiondoke kabla ya kumwona Bertila.

Chakula cha leo kimepikwa kwa mafiga ya kuazima. Yale ya kambi yako mlangoni, yamekwisha fungwa kwa safari.

Alale salama Baba Anastasia, mahali pasipotozwa mtu.