Nani Anamnyoosha Mzee Nchagwa?

Rhobi alikuwa anachambua maharage ya usiku, ungo magotini, birika la kahawa likichemka kando, Nashoni alipofika anahema na habari. Benchi la kijiwe hiki cha Turwa limeegemea ukuta wa nyumba yake. Yeye huuza kahawa, wateja humwaga maneno. Nashoni wanamwita Pasipoti, kwa kuwa huvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya kila mara na hiyo pasipoti hajawahi kuwa nayo. Walikuwepo pia Maftah Futikamba, fundi cherehani, na Simioni, mume wa Rhobi. Ndani alikuwa Mzee Nchagwa, baba yake Simioni, aliyepigwa na kiharusi baada ya Pasaka. Mkono wa kulia umekunjika kifuani. Tangu hapo anakula chumbani peke yake, kwa kushoto, asionekane.

— Binamu yangu wa Migori ameshika jembe! Pasipoti alisema. Kiharusi kilekile! Simioni, wewe mwanamume, mura, mvushe mzee kesho.

— Nimeshaongea na dereva.

Rhobi aliguna. Asubuhi mzee alikuwa amesema, kwa ulimi mzito, kwamba kinachoswagwa kuvuka mpaka ni ng'ombe.

— Migori kuna nini? Maftah aliuliza.

— Mashine! Unafungwa nayo, inatembea, na wewe unatembea. Hapa Tarime wamempa nini? Mazoezi ya mikono, basi.

— Na huko mashine wanaisemesha lugha gani?

— Kiingereza. Mshipa ukiamrishwa kwa Kiingereza unaogopa, unanyooka.

— Wacha wewe! Maftah alidakia. Dawa ni hewa ya Serengeti. Mpeleke Mugumu, asikie simba mara moja. Atakimbia bila mashine.

— Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana nasema aondoke kesho alfajiri, Pasipoti alisema. Samaki mkunje angali mbichi!

— Huyu ameshakunjika, shemeji, Rhobi alisema bila kuinua macho. Tunatafuta wa kumkunjua.

Hapo akafika Saida, dada yake Maftah, aliyekuja kutoka Mugumu kumsalimia kaka yake. Aliwasikiliza mpaka kikombe kikaisha.

— Hayo mazoezi ya Tarime, leo nani amemfanyisha?

Simioni akamtazama mkewe.

— Usinitazame. Mimi mkamwana, tangu lini nikamshika baba mkwe? Siku ile hospitali nilisimama mlangoni, mazoezi akaonyeshwa mwanawe.

— Nilidhani Pasipoti. Si ndiye anashinda naye? Simioni alisema.

— Mimi nilidhani Futikamba, ana vidole vya kazi.

— Mtoto wake yupo, mimi nianzie wapi? Maftah alisema.

Rhobi akapindua birika. Halikutoka tone.

— Kahawa imekwisha. Maji ya moto yapo, taulo lipo. Ingieni.

Waliingia wakisukumana. Muda si mrefu mzee akasikika akiwatukana kwa Kikurya, mmoja mmoja kwa jina la baba yake, kisha akacheka. Dereva alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Mikono yote miwili ya Simioni ilikuwa imeushika wa baba yake.

Jioni Gati, binti wa Rhobi, alibeba ugali na maharage hadi sebuleni. Rhobi akahesabu kutokea mlango wa jiko: Simioni, Gati, Maftah, Saida, Pasipoti ambaye hakualikwa. Na mzee, ametoka chumbani, anamega kwa kushoto mbele za watu. Wa kulia ulikuwa juu ya goti la Simioni, vidole viwili vimefunguka, vitatu bado.

Wote wapo. Rhobi akarudi jikoni kuongeza mboga.