Sura Iliyo Kwenye Fulana Si Yangu

Sikilizeni wanangu, Allen na Hyasinta, niinulieni mto nikae, maana moyo bado unanienda mbio na sijui kama utarudi mahali pake. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikudhani nitaishi nizione fulana za msiba wangu mwenyewe, zimefungwa mafungu pale mlangoni, zimeandikwa Pumzika kwa Amani Mzee Eliasi, na juu ya jina langu sura ya mwanamume mwingine, kijana mwenye nywele za mafuta.

Kuzichapisha mapema siwalaumu. Hii ni Kariakoo, na mama yenu Benedikta, Mungu amrehemu, alikuwa akiwauzia watu vitenge vya msiba mgonjwa angali anakunywa uji. Lakini huyu ni Ramiro, mwigizaji. Kwetu Hispania nilianza kazi nikiwa mbeba taa, nikapanda hadi nikawa mpiga picha mkuu wa sinema, na miaka yote hiyo nilimnyooshea kwa mwanga ile pua yake iliyopinda, wanawake wakamlilia, naye hata asante hakunipa. Tulikuja pamoja kupiga sinema bandarini. Yeye akarudi kushangiliwa, mimi nikamwona Benedikta dukani kwake Msimbazi, nikabaki. Nilikuwa nimeshamsamehe, na leo amenifuata mpaka kwenye jeneza.

Allen, umesema fundi wa fulana alitafuta jina langu mtandaoni, zikaja sinema nilizozipiga, akakuonyesha picha hiyo, nawe ukadhani ni baba yako enzi za ujana. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Tangu asubuhi mmepekua albamu zote, ubatizo, kipaimara, harusi ya Hyasinta, kila mtu yumo na mimi simo, kwa kuwa kamera nilikuwa nayo mimi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe nilikulea na kamera mahali pa uso, ungeijulia wapi sura yangu ya ujana? Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi shikeni maneno yangu. Duka ni la Hyasinta, ndiye aliyelilinda. Kamera na lenzi ni zako, Allen, zitumie, usiziache zikaota ukungu. Nizikeni Kibosho, kwao mama yenu, ubavuni pake, na msigombane mbele ya wajomba zenu. Fulana hizo fanyeni matambara ya kudekia.

Sasa nipigeni picha, nizikwe na uso wangu. Hyasinta mama, fungua pazia, uzime na hiyo taa ya juu, inamfanya mtu aonekane maiti kabla ya siku yake. Allen, sogea kushoto, mwanga wa dirishani unipate shavuni... Hapo hapo. Mungu awape macho... ngojeni nivute pumzi... macho ya kuonana, awabariki ninyi na watoto wenu, msikose wa kuwatazama. Umeshapiga? Basi, mwanangu, ishushe hiyo simu. Imekuziba uso. Nataka... nikuone.