Kiti cha Kushoto kwa Laki Nne

Milioni nne sizitaki, na wewe mkubwa, ondoa hiyo bahasha kifuani pangu, mimi si meza. Tangu asubuhi umeniambia mara tatu nitie sahihi tumalize, na mara tatu nimekujibu hapana. Ukisema ya nne nitamwomba nesi akutoe, na unajua siogopi aibu. Keti. Na wewe mama, binti yangu rubani, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, ingia ukae, hata kama hutaki kuniangalia. Kitinda mimba, mwalimu wangu, weka simu hapo kwenye mto inirekodi, kisha shika na kalamu, maana hizo simu zenu huisha chaji penye neno la maana. Sikilizeni wanangu, nasema mara moja, kwa sababu pumzi niliyobakiza haitoshi kurudia.

Karatasi iliyomo ndani ya bahasha hiyo nimeisoma mwenyewe, na miwani yangu, mpaka maandishi madogo ya chini. Inasema kwamba ile miaka minne niliyorusha ndege za kampuni ya Mjomba baada ya kustaafu nilikuwa nasaidia tu kwa hiari yangu, kwamba nilichopewa ni posho na si mshahara, na kwamba simdai kitu. Nikitia sahihi, milioni nne ni zangu. Lakini Alhamisi marubani kumi na wanne wanasimama mbele ya baraza la kazi, dada yenu akiwa mmoja wao, kusema kwamba viti vyao vilichukuliwa vikapewa wastaafu wa bei rahisi. Na wakili wa Mjomba atainua karatasi yangu aseme, kiti gani? Hapakuwa na ajira hapa, palikuwa na wazee wanaopoteza muda. Hizo milioni nne ni bei ya mdomo wangu, mkubwa, wala si pole ya ugonjwa. Nashangaa mfanyabiashara kama wewe hukuiona.

Nyamaza kwanza, najua habari ya bili ya hospitali, nitaifikia.

Mjomba mnamjua. Kila mtu humwita Mjomba, na hana mpwa hata mmoja anayemtembelea. Alikuja nyumbani nikiwa na mwaka mmoja wa kustaafu, mwaka ambao nusura unitie wazimu, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nakagua jiko la mama yenu kama ninavyokagua ndege, gesi, bomba, taa, mpaka marehemu akaniambia, "Mzee, nenda katafute ndege yako, jiko hili lina rubani." Mnielewe, wanangu. Mimi sikupelekwa chuo na mzazi. Nilianza kwa kufuta mafuta chini ya injini za watu, nikajifundisha hesabu za angani kwa vitabu vilivyotupwa, vingine havina jalada, na mpaka nakalia kiti cha kushoto, kiti cha kepteni, nilikuwa nimekitamani kwa miaka kumi na mmoja. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzike ni kama umemwambia afe mapema.

Basi Mjomba akakaa sebuleni, akasema, "Kepteni, kukulipa mshahara wa kepteni siwezi, na wewe una pensheni yako, unakula vizuri. Nitakupa posho ya laki nne kwa mwezi." Makepteni wake walikuwa wanapata milioni mbili. Nami, mtu ninayejisifu kwamba sinunui hata kandambili bila kubishana bei, nikamjibu, "Mjomba, hata bure ningeruka."

Mama yenu alikuwa anamimina chai, akaacha kumimina. Alingoja mgeni atoke ndipo akaniuliza, "Na huyo anayekikalia hicho kiti sasa hivi, anakwenda wapi?" Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi. Mwalimu, hapo andika vizuri: kosa la baba yenu ni kwamba aliulizwa swali hilo mapema na akaona ni la jikoni.

Kabla mwaka haujaisha tulikuwa wastaafu watano pale. Chumba cha marubani kikageuka kijiwe cha wazee, vidonge vya presha juu ya ripoti za hali ya hewa, na kila mtu anauliza nani ameona miwani yake. Tulicheka sana, siwafichi. Huku sisi tunacheka, vijana wanaitwa mmoja mmoja ofisini na kuambiwa, "Mzee mwenye saa elfu kumi na nane angani anaruka kwa laki nne, wewe wa elfu tatu unadai milioni mbili kwa kipi?" Aliyekubali alikatwa nusu. Aliyekataa mkataba wake haukuandikwa upya. Wa kwanza kukataa, wiki ile ile niliyoingia mimi, ni yule tuliyemwita Kimya, kepteni mwenye watoto watatu na mkopo wa masomo ya urubani ambao hakuwa amemaliza kuulipa. Ndege aliyoirusha yeye ndiyo niliyopewa mimi. Nilikuta amerekebisha kiti kwa kimo chake, nikakisogeza, nikaondoka.

Na wewe mama. Ulikuwa umefaulu mitihani yote ya ukepteni, umevaa sare safi, umekwenda kwa Mjomba kudai zamu yako, akakujibu viti vya kushoto vimejaa. Vilijazwa na nani? Mimi baba yako. Miaka mitatu ukakaa kulia kwangu kama msaidizi. Angani uliniita Kepteni, maana ndiyo kazi, na tukishatua hukuniita chochote.

Siku ile ya upepo wa ubavu, wenzako hawa hawaijui, acha niwaambie. Mnara wa kuongozea ndege ulituambia tusitue, kuna gari kwenye njia ya kutua, nami sikusikia, hili sikio la kushoto lilikuwa limeshaanza kunisaliti na nilikuwa nalificha. Nikaendelea kushuka. Dada yenu akasema, "Nimeshika mimi," kwa sauti ya kawaida kabisa, akaiinua ndege, akazunguka, akaitua yeye, abiria kumi na tisa wakapiga makofi wakidhani ni mimi. Niliandika ripoti kama ilivyotokea. Mjomba akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kepteni," akasema, "wa laki nne sitampata mwingine. Nenda kalale."

Nikatoka nje, nikaingia teksi ya kwanza niliyoiona. Dereva akasema, "Shikamoo kepteni." Nikamtazama kwenye kioo, ni Kimya.

"Marahaba. Gari lako?"

"La shemeji. Nampelekea hesabu kila jioni."

"Na leseni yako ya urubani?"

"Imekufa Januari. Kupimwa afya na kufanya mtihani upya ni pesa, kepteni, na watoto wanakula."

Tukafika getini. Nikatoa nauli, akanirudishia mkononi. "Kaa nayo tu, mzee. Najua wanavyokulipa."

Wanangu, nimetukanwa na watu wengi, na nimewajibu wote. Huyu sikumjibu. Kesho yake nikaacha kazi.

Sasa amri. Mkubwa, pikapu yangu iuzwe wiki hii, bili ya hospitali itoke humo, na ukipata mteja usimfiche kwamba giaboksi inanguruma. Fundi wa bati ananidai laki moja na nusu, alipwe kabla hamjaninunulia sanda. Kiwanja cha nyuma ni chako, nyumba ni ya hawa wawili. Wale wastaafu wenzangu wanne watanikasirikia, watasema nimewachafua, wengine hawatakuja kunizika. Wasije.

Na milioni nne zirudi kwa aliyezileta, leo hii, na karatasi yake bila wino wangu. Badala yake namdai Mjomba mshahara wa kepteni, kwa sababu niliyoifanya ilikuwa kazi. Akinilipa kama kepteni, atakuwa amekiri kiti kilikuwa kiti, na mzee hatakuwa tena rahisi kuliko kijana. Na zikitoka, msigawane. Ni za Kimya.

Najua, mkubwa. Unauliza mtu baki anarithi vipi na watoto tupo. Harithi. Nilikikalia kiti chake miezi arobaini na minane. Nimekupa kiwanja, changu sikunyimi, lakini kiti hicho hakijawahi kuwa changu.

Nipe maji. Kidogo tu.

Mama, sogea. Sikuombi unisamehe. Hasira yako ni ya haki, nenda nayo Alhamisi, itakusaidia kusema. Hii rekodi uwasikilizishe baraza. Ukishakipata kiti cha kushoto, siku moja na wewe utazeeka, na atakuja mtu na maneno matamu. Muulize bei. Bei kamili. Kisha muulize unamtoa nani.

Mungu awape... awape riziki isiyomtoa mtu machozi. Mpendane. Mkubwa, nipe mkono. Usilie, unanitingisha kitanda.

Mwalimu, bado inarekodi? Isogeze karibu.

Mjomba. Kila mwezi ulipunguza milioni moja na laki sita. Miezi arobaini na minane. Nimepiga hesabu mwenyewe, haina makosa. Nakudai milioni sabini na sita na laki nane. Lipa.