Asidi, Magadi na Pumzi za Mwalimu Apolinari

Ndugu waombolezaji, mimi ni Revelian, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Mwalimu Apolinari Kamugisha, mtu asiyejua kukaa akamaliza kikombe cha kahawa.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1911 huko Kanyigo, Bukoba, akaanza shule ya misheni mwaka 1920, akasoma Makerere hadi 1934, na mwaka 1936 akaletwa Dar es Salaam kufundisha sayansi, somo ambalo hakuliacha darasani, kwani hapa Temeke alisimama kibarazani na bilauri za maji mekundu ya maua ya choya, moja akiikamulia ndimu, nyingine akitia magadi, majirani wakaona wekundu ukikolea huku na ukijani ukitokea kule, naye akiwaeleza kwamba asidi, kama ya ndimu, na besi, kama magadi, zikikutana kwa kiasi chake, kila moja huondoa ukali wa mwenzake.

Tarehe 6 Juni 1938 alifunga ndoa na Kokushubila, wakajaliwa Tekla na Fransis.

Mwezi Agosti 1952 jirani yetu Shomari, fundi wa betri za magari, alirukiwa na tindikali usoni, na waliomzunguka, wakikumbuka somo la kibarazani, walikwisha kukoroga magadi wammwagie, ndipo kaka alipotoka mbio bila viatu, akalipiga teke bakuli lile akipaza sauti, "Maji! Maji matupu, mengi!", akamwinamisha bombani, asimwachie mpaka gari la hospitali lilipofika. Jicho moja lilipona. Lile la pili lilipofuka, likamnyima kaka usingizi, maana alijiona amefundisha nusu, hakuwaambia kuwa vitu hivyo vikikutana huzaa joto, na joto hilo juu ya ngozi ni moto wa pili, na tangu hapo akawa anazunguka gereji hadi gereji, Temeke mpaka Kinondoni, akirudia lile lile, maji kwanza, hata mafundi wengine wakawa wanamkwepa.

Novemba 1956 figo zake zilianza kushindwa, na mwanzoni mwa Aprili mwaka huu wa 1957 akawa anahema kwa kina na kwa nguvu, naye Mama Tekla akamsihi, "Baba Tekla, tulia basi, unajichosha."

"Sijichoshi," akajibu. "Damu ina vikingio vyake, asidi ikiingia kidogo vinaipokea, damu haibadiliki. Figo ndizo huvijaza upya, na zangu zimechoka, kwa hiyo mapafu yanahangaika kuipunguza asidi kwa pumzi. Msinione nahema mkadhani naogopa."

Kisha akasema, "Naogopa kidogo."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Aprili, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, majirani mliokesha nasi, na Bwana Remtulla aliyetupatia gari.

Kaka Apolinari, Bwana akupokee, ulale salama, nasi hatutamwacha Mama Tekla alie peke yake.